Tonton wa Jumamosi Moja

Masharti yalikuwa mepesi, na Clémence aliyatoa akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayeeleza namna ya kumeza dawa. Jumamosi, toka asubuhi mpaka jioni. Watoto wasilishwe vitu vya ajabu. Wasikaribie maji. Na yeye Ruphin, kwa siku hiyo, awe tonton, yaani mjomba tu.

"Tonton nani?" Ruphin aliuliza.

"Tonton Ruphin. Rafiki ya mama, ya zamani. Baba wanayemujua ni Issa. Tulipoondoka hapa Gracia alikuwa angali ananyonya, na Héritier hakumbuki kitu. Sasa unataka niwavuruge kichwa juu ya siku moja?"

Ruphin akasema sawa. Watu wengi walimwuliza baadaye kwa nini alisema sawa, na wote walikuwa watu wanaowaona watoto wao kila asubuhi.

Miaka mitano nyuma, Clémence alikwenda Dar es Salaam kununua nguo za kuuza. Ilikuwa safari ya majuma machache. Aliwachukua watoto kwa sababu mdogo alikuwa wa kunyonya na mkubwa alilia sana. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili alipiga sikukuu. Wa tatu aliandika kwamba kuna mtu anaitwa Issa, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na kwamba ni mtu mwema. Hilo la mwisho ndilo lilimwuma Ruphin zaidi, maana kila mfanyabiashara aliyerudi kutoka Dar alilithibitisha. Naye alikuwa na mpango wa kuwafuata. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo bado ni mzuri.

Sasa Clémence alikuwa amerudi Kisangani kumzika mama yake, pamoja na watoto. Jumatatu wangeondoka.

Kuna jambo moja ambalo wote wawili walilisahau walipokuwa wanakubaliana pale mlangoni. Kisangani, mwanaume akipata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linakunjwa na kuwekwa sandukuni. Tangu siku Héritier alipozaliwa, hakuna mtu mjini aliyemwita Ruphin isipokuwa Clémence. Kwa wengine wote alikuwa Papa Héritier. Tena wengine hao hawakuwa wachache, kwa sababu Ruphin anatengeneza baiskeli karibu na soko kuu, na hasa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria kwenye kiti cha sponji. Mtu wa toleka anaweza kumsahau askofu, lakini fundi aliyemwunganishia mnyororo katikati ya mvua hamsahau.

Ruphin alilikumbuka jambo hilo Ijumaa jioni. Akapita nyumba kwa nyumba kwenye avenyu yake kuonya watu.

"Donc kesho tukuite nani?" aliuliza Mama Rosine, jirani yake.

"Ruphin."

"Ruphin ni nani?"

Avenyu ilikubali. Lakini watu wa toleka, kila mmoja kwenye njia yake, huwezi kuwaitisha mkutano Ijumaa jioni.

Asubuhi watoto walikuwa tayari, wamepakwa mafuta, wameshikana mikono.

"Shikamoo, tonton," walisema pamoja.

Ruphin aliwahi kujua jibu la salamu hiyo. Lilimtoka kichwani, akasalimu kwa Kilingala, "Mbote."

Gracia akacheka. "Mama, amesema mboti!"

Alikuwa ameazima baiskeli nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwake mwezi ule. Gracia alikaa mbele, kwenye chuma kilichofungwa kitambaa. Héritier akakaa nyuma, kwenye sponji.

"Nishike kiuno, papa," Ruphin alisema, kama watu wa Kisangani wanavyomwambia mtoto yeyote wa kiume.

"Nitashika shati tu. Mama amesema tusikusumbue."

Ruphin alikuwa ameupanga mzunguko wa siku hiyo kwa juma zima, na mtu wa utalii angeushangaa. Kwanza aliwapeleka kwenye ukuta wa hospitali.

"Hapa batoto banazaliwa," alisema.

Watoto wakautazama ukuta kwa adabu.

Kisha akawapeleka kwenye nyumba moja ya mtaa wa Mangobo yenye mlango wa buluu, wanamokaa sasa wapangaji wasiomhusu. "Hii ni nyumba," alisema. Walikubali kwamba ni nyumba. Kisha kanisa kuu, kando ya mto, ambako angalau palikuwa na kitu cha kutazama.

"Hapa batu banaoaga."

"Na wewe ulioa hapa?" Gracia aliuliza.

"Eh. Zamani."

"Mke wako yuko wapi?"

"Iko safarini."

Walipokuwa wanatoka hapo, toleka ya kwanza ikawapita. "Papa Héritier, mbote!" Ruphin akainua mkono nusu, kama mtu anayefukuza nzi. Ya pili ikaja na mama mwenye kapu: "Papa Héritier, ile breki inalia tena!" Ya tatu haikusema kitu ila jina, kwa furaha, kutoka upande wa pili wa barabara.

"Tonton, wanakuita papa!" Gracia alipiga kelele. "Si papa ni samaki! Samaki mwenye meno!" Alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Nyuma hakuna aliyecheka. Ruphin alihisi shati linavutwa kidogo, likaachwa, likavutwa tena.

Mchana walikula lituma na samaki karibu na bandari. Héritier alilitazama lile donge la ndizi zilizopondwa, akaonja, akatangaza: "Ni kama ugali ila ni ndizi." Kisha akaomba tena. Ruphin alijivuna kama mtu aliyezipanda ndizi hizo. Muuzaji akaja kuongeza mchuzi. "Papa Héritier, leo uko na bageni wazuri!" Mtoto akaacha kutafuna. Akamtazama yule mama, akamtazama Ruphin, akarudi kwenye sahani yake.

Alasiri waliishia Wagenia, kwenye maporomoko ya wavuvi. Sharti la Clémence kuhusu maji ni gumu kidogo katika mji uliokaa kwenye mto, kwa hiyo Ruphin aliwasimamisha mbali, juu ya mawe makavu. Hapo hatimaye watoto walisahau adabu. Miti mikubwa ilikuwa imesimama ndani ya maji yanayonguruma, mitego mirefu ya fito ikining'inia, na wanaume wakitembea juu ya nguzo kana kwamba wako sebuleni.

"Kwa nini samaki wasizunguke kule pembeni?" Gracia aliuliza.

"Nao baliulizaga hivyo," Ruphin alisema, "lakini bakiwa ndani."

Héritier akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile, na Ruphin aligeuza uso upande wa mto kwa muda.

Ndipo Assumani akafika, jasho likimtoka, akashusha abiria. Assumani ni rafiki yake wa tangu utoto. Ndiye aliyembeba Clémence kwenye toleka yake mpaka maternite, usiku uchungu ulipoanza. Ijumaa hakuwako mjini.

"Papa Héritier!" alipaza sauti. Kisha akamwona mtoto, akaiacha baiskeli ianguke. "Usiniambie. Hapana, usiniambie! Angalia ile kichwa! Ni kichwa ya marehemu baba yako, kabisa, mpaka masikio! Ni Héritier huyu?"

"Hapana," Ruphin alisema.

"Hapana namna gani?"

"Ni mutoto ya rafiki. Banatoka Dar."

Assumani aliyatazama yale masikio. Akamtazama Ruphin. Kuna mambo mengi Assumani hayaelewi, na huyaeleza kwa sauti kubwa kila siku, lakini hili alilielewa akanyamaza. Akaiinua baiskeli yake taratibu, akafuta mkono kwenye suruali, akampa mtoto, kama anavyopewa mtu mzima.

"Karibu Kisangani, bwana," alisema, akaondoka na kiti kitupu.

Gracia alikuwa anaokota vijiwe. Héritier alibaki amesimama.

"Tonton, mbona umesema hapana?"

"Juu ya nini?"

"Kakuuliza kama mimi ni Héritier, wewe ukasema hapana. Mimi ndiye Héritier. Shuleni wananiita Heri tu, lakini jina langu ni Héritier. Na watu wote wanakuita Papa Héritier. Papa ni baba. Nilimuuliza Mama jana maana ya papa."

Sentensi aliyokuwa nayo Ruphin ilikuwa fupi. Alikuwa ameitengeneza kwa miaka mitano, ameilainisha, ameipunguza maneno, mpaka mtoto wa darasa la kwanza angeielewa. Na sasa mwenyewe ndiye ameulizwa, nani angemlaumu? Alifungua kinywa. Kisha akauona uso. Haukuwa uso wa mtoto anayetaka kujua. Ulikuwa wa mtoto anayeomba, kwa nguvu zake zote, aambiwe kwamba mambo bado yako kama alivyoyaacha nyumbani.

"Yule alikuwa anaulizia mutoto yangu," Ruphin alisema. "Niko na mutoto. Naye jina yake Héritier."

"Aaa!" Mabega ya mtoto yalishuka. "Kumbe tuko wawili."

"Muko wawili."

"Yuko wapi?"

"Alienda safari na mama yake."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

"Si umpigie simu? Baba akisafiri anatupigia kila siku, tunamwona na uso."

"Baba yako ni muzuri."

"Ndiyo." Héritier alifikiri kidogo. "Labda naye anasubiri wewe ndiyo upige."

Ruphin akasema kwamba inawezekana, na kwamba jua linashuka.

Kurudi, mtoto alimshika kiuno. Alizungumza njia nzima, kuhusu shule, kuhusu rafiki yake mmoja mwongo, kuhusu bahari, na kila toleka iliyopita ikiita Papa Héritier, aliijibu mwenyewe kutoka nyuma: "Hayupo! Kasafiri!"

Clémence alikuwa anangoja uani. Akampokea Gracia, aliyekuwa amelala, akamlaza begani.

"Walikusumbua?"

"Mama!" Héritier aliruka chini. "Tonton ana mtoto anaitwa Héritier kama mimi! Mama yake alimchukua wakaenda safari, na tonton hajui watarudi lini. Nimemwambia apige simu."

Clémence alimhamisha Gracia bega la kushoto, kisha akamrudisha la kulia, ingawa mtoto hakuwa amelalamika.

"Nilisema hivyo tu," Ruphin alisema.

"Nimesikia." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa ameitumia tangu arudi: "Asante, Ruphin."

Alitaka kuongeza neno, hilo lilionekana. Lakini Héritier alikuwa na swali bado.

"Tonton, huyo wako ni mrefu? Ananizidi?"

Ruphin hakuwa na jibu la swali hilo mpaka asubuhi ya siku ile. Alisogea. Akanyoosha kiganja, akakishusha juu ya kichwa cha mtoto, juu ya zile nywele zilizojaa vumbi la barabara.

"Anafika hapa."

"Sawasawa na mimi!"

"Sawasawa na wewe."

Ndani mtu aliita kwamba chakula kiko mezani. Kiganja kilibaki palepale, muda mrefu kuliko unavyohitajika kupima kitu chochote, na Héritier alisimama wima, amebana visigino, hakutikisika, akidhani bado anapimwa.