Nilimwimba Bi Somoe Ili Nipate Chumba

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Njaa haikunituma, shetani hakunituma. Nilijituma mwenyewe kwa mdomo wangu, na leo nasema kwa mdomo huohuo. Majina nimeyabadilisha, ila watu wa Ikwiriri mtajua tu. Jueni!

Mimi ni manju. Kwa asiyejua, manju ndiye anayetunga wimbo na kuuanzisha, wenzake wakaitikia. Harusi, jando, mikutano ya wanasiasa, tunaitwa sisi. Kila mtu anatutaka uwanjani kwake mpaka jua lizame. Sasa nenda ukamwombe mtu huyohuyo chumba cha kupanga! Akisikia ngoma tu, chumba kimeshapata mtu. Ngozi za ngoma zenu zinanuka, ati. Mna kelele. Mna wageni wengi.

Na ukikipata, subiri ufuta ukauke. Wanunuzi wakishuka mjini na magari yao, wenye nyumba wanageuza vyumba vyetu gesti, nawe unaambiwa upishe. Mwaka ule tulitolewa mimi, binti yangu, sufuria mbili na ngoma tatu. Tukalala barazani kwa shangazi mwezi mzima. Hasira niliyokuwa nayo! Ningeielekeza inakostahili, nisingekuwa nasema haya.

Bi Somoe ndiye aliyenifunza kazi. Mjane, hana mtoto, na kwenye ngoma kubwa hakuna wa kumfikia. Alikuwa anakaa kibanda cha udongo uani kwa mtu nitakayemwita Mzee Bati. Kibanda kile alipewa na mama yake Mzee Bati, shoga yake wa miaka mingi, ambaye kabla hajafa alitamka mbele ya watu: "Somoe akae hapa mpaka siku yake ifike." Karatasi hakuna, lakini watu walisikia. Mzee Bati alitaka ajenge vyumba vya wanunuzi pale, ila aliogopa kumfukuza. Majirani wangesema.

Akanifuata mimi barazani.

"Mwanangu, binti yangu anaolewa. Nataka uimbe."

"Tutaimba, mzee."

"Nataka umwimbe Somoe. Mimi simtukani, mimi mtu mzima. Lakini ngoma ikisema, nani atanilaumu? Akiondoka kwa aibu yake mwenyewe, chumba cha mbele ni chako. Bati, sakafu ya saruji, dirisha la nondo. Hulipi kitu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akisemwa, atajibu. Akiimbwa, amekwisha. Wimbo ukishaitikiwa unakuwa kauli ya mji mzima, na aliyeimbwa hana pa kwenda kushtaki. Mzee Bati alilijua hilo. Mimi nililijua kuliko yeye!

Ningependa kuwaambia kwamba niliutunga kwa tabu. Uongo. Ulinijia natwanga mpunga, na kinu hakijafika nusu nilikuwa nimemaliza:

Kunguni we kunguni, mwenye kitanda kafa,
Kunguni we kunguni, sasa wamfyonza nani?

Siku ya harusi, alasiri, aliyekaa kwenye ngoma kubwa alikuwa Bi Somoe mwenyewe. Nikaanza. Wanawake wakaitikia kwa vicheko, hawajajua kunguni ni nani. Nikacheza taratibu mpaka mbele yake, nikamnyooshea leso usoni. Hapo wakajua.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mpigaji haachi ngoma kabla manju hajamaliza. Hakuacha. Aliupiga wimbo wa kumtukana yeye, kila pigo mahali pake, macho kayaweka kwenye ngozi. Nilipomaliza akaifuta ile ngoma, akaifunika kwa kanga yake, akaondoka. Asubuhi yake alikuwa kwenye boti ya Mbwera, anakwenda kwa mtoto wa ndugu yake. Kibanda kikavunjwa wiki ileile.

Chumba nikakipata. Na niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haina faida hapa: wiki mbili za kwanza nililala fofofo.

Kisha tukaitwa kwenye jando. Nikaanzisha wimbo. Kimya. Nikaanzisha tena. Wenzangu wa kikundi, wanawake niliokula nao sahani moja, wamebana midomo. Mmoja anajipepea kwa upande wa kanga, anatazama mti. Manju asiyeitikiwa hana tofauti na mtu anayeongea peke yake njiani. Nikarudi nyumbani kwenye dirisha langu la nondo.

Mwaka ukazunguka, ufuta ukakauka tena. Mzee Bati akagonga mlango.

"Binti yangu, nipishe."

"Mzee, si tuliahidiana?"

"Tuliandikiana wapi?"

Halafu, wallahi, akatabasamu, akaniimbia wimbo wangu mwenyewe. Kunguni we kunguni. Hata sauti aliipatia! Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi nayo ilikuwa yake.

Nilipanda gari mpaka Kibiti, nikachukua bodaboda mpaka gatini, nikavuka kwa boti mpaka Mbwera. Bi Somoe nilimkuta barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hakuniambia nikae. Nikasema yote nimesimama, nalia, pua inanitiririka. Akaningoja nimalize, kama siku ile.

"Weye ulinitukana kwa ngoma," akasema. "Leo waja kuniomba radhi kwa kunong'ona, hapa nilipo mie na kuku zangu? Beba machozi yako. Ulikonivulia nguo, ndiko ukanivishe."

Nikarudi Ikwiriri. Jumapili iliyofuata kulikuwa na harusi, Mzee Bati kakaa kiti cha mbele na wanunuzi wake wawili, sahani ya pilau magotini. Kuimba sikualikwa. Nikaingia uwanjani hivyohivyo.

Kunguni ndiye mimi, Somoe hana kosa,
Kitanda alipewa, mashahidi mko wapi?

Hakuna aliyeitikia. Nikajiitikia mwenyewe. Nikarudia, nikajiitikia tena. Watoto wakaanza kunicheka. Mzee Bati akatuma mtu aje aninyamazishe, nikamwimba huyo aliyetumwa machoni mpaka akarudi nyuma. Sikunyamaza! Mara ya tatu sauti moja ikatoka nyuma yangu, ya mwenzetu wa kikundi aliyeambiwa apishe chumba wiki hiyohiyo: "Mashahidi tupo!" Ikafuata ya pili. Kisha wakaitikia wale bibi wenyewe waliokuwepo siku mama yake Mzee Bati anatamka. "Mashahidi tupo!" Mzee Bati akaacha pilau lake akatoka, na njia nzima wimbo ulikuwa nyuma yake.

Lakini msidhani yameisha vizuri. Kibanda hakikurudi. Bi Somoe hakurudi. Nilichopata ni salamu kupitia kwa mwenye boti, aliyemsikilizisha wimbo uliorekodiwa kwa simu: "Mwambie nimesikia. Na mwambie mstari wa pili aliukimbiza." Nikacheka huku nalia. Mpaka leo sijapata msamaha mwingine zaidi ya huo.

Sasa nakaa chini ya makuti, uani kwa yule aliyeniitikia wa kwanza. Yanavuja. Pale pakavu tumeweka ngoma, sisi tunajibanza pembeni. Ila tumewekeana neno kikundi kizima: mwenye nyumba akimtoa mmoja wetu kwa ajili ya msimu, sherehe yake ataimba mwenyewe. Wanatucheka, watu wa ngoma nao wamegoma! Chekeni. Msimu una mwisho wake, na mabinti zenu wataolewa.

Na wewe manju mwenzangu, mpiga zumari, mchongaji, yeyote unayezunguka na kazi ya mikono yako huna pa kuiweka: ukiletewa ufunguo ili umsute mwenzako, mrudishie mwenyewe ufunguo wake. Chumba kile nilikaa mpaka ufuta ulipokauka, basi. Wimbo ule wa kwanza watoto wanauimba hadi leo wakiruka kamba. Hauzuiliki, nimejaribu. Kwa hiyo kila nikiusikia nasimama hapohapo njiani, hata kama nina ndoo kichwani, na siondoki mpaka nimewafundisha ule wa pili.