Jeneza Mbele ya Kamera

Kamera ile niliichukia tangu siku fundi alipoigandisha kwenye kioo cha lori langu, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili moyo. Jicho moja lilitazama barabara, la pili lilinitazama mimi. Nikipiga mwayo, inalia. Nikigeuza shingo kumwitikia mtu salamu, inalia. Siku moja nilikuwa natafuna muhogo wa kuchoma, mkono uko karibu na shavu, ikanikaripia kwa Kiingereza kwamba niache simu. Niliijibu kwa matusi, na matusi nayo yakafika ofisini.

"Ntu nzima unachungwa kama mbuzi," alisema dereva mwenzangu, ambaye tulianza naye kazi pamoja na tulikuwa kama ndugu. Tulikuwa kwenye foleni ya ghala, kila mmoja na shehena yake ya korosho. Yeye alicheka, mimi nilishindwa.

Ofisini walisema kamera ni kwa usalama wetu. Sikatai, barabara zinaua. Lakini aliyepewa kazi ya kutazama picha zetu, meneja wa magari, kijana aliyeletwa kutoka bara, hakuwahi hata siku moja kuniita aniambie nimeendesha vizuri. Aliniita "mzee wangu" kwa adabu ya mdomoni, halafu akanisimamisha mbele ya kompyuta kama mwizi wa kuku. Pikapu yake mwenyewe haikuwa na kamera. Nilipomuuliza kwa nini, akasema lile ni gari la ofisi. Sijui langu alidhani ni la harusi.

Msimu uliopita nilikuwa natoka Mahurunga, magunia yamejaa hadi juu. Nilipokaribia Ziwani nikakutana na jeneza limebebwa mabegani, wanaume wakimtaja Mungu. Kwetu hapo huulizi kitu. Unasimamisha gari pembeni, unashuka, unatia bega, unasindikiza hatua chache, unampisha mwingine, unarudi kwenye safari yako. Baba yangu alifanya hivyo akiwa na baiskeli. Mimi nilizima injini, nikafunga milango, nikaenda.

Kesho yake nikaitwa. Picha ilikuwa safi kabisa: barabara, vumbi, jeneza, na kofia yangu katikati ya kofia za watu.

"Mzee wangu, marehemu ni nani wako?" meneja aliuliza.

"Simjui."

"Humjui, halafu unaacha mzigo wa watu njiani?"

"Ndiyo."

Akashusha sauti, akainama kuja kwangu. "Utaratibu unaruhusu msiba wa ndugu. Sema alikuwa mjomba wako, tuyamalize."

Nadhani alijiona ananifanyia wema. Lakini kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuchezea, ndiye mwenye ukoo, na wangu alikuwa hai, mzima wa afya, analima mpunga Mahurunga. Siku ile ile ya jeneza alikuwa amenipakilia mkungu wa ndizi.

"Nimuue mjomba wangu ili kamera yako ifurahi?" nilimwambia. "Andika kwamba simjui."

Aliandika. Nikarudisha funguo, nikahamishiwa uani kujaza matairi upepo, na madereva wote wakaambiwa kwamba atakayesimama bila ruhusa atanifuata huko. Lori nililipenda, na kunyang'anywa kuliniuma. Lakini kilichonichoma zaidi ni lile swali. Marehemu ni nani wako, kama vile maiti naye anahitaji kitambulisho ndipo apishwe njia. Nilimchukia kijana yule kwa swali lile, na sikumficha.

Mvua zilipoanza, mama yangu akafariki.

Ofisi ilituma wawakilishi, ndiyo desturi, na meneja akaja nyumbani kwetu nje ya Naliendele na ile pikapu yake. Siwezi kumsingizia kwamba hakuja. Alivaa kofia ya kuazima, akakaa mkekani na wanaume, na jeneza lilipotoka likiwa limefunikwa khanga za mama, alikuja akatia bega nyuma yangu. Mbele yetu alikuwa mjomba, yule niliyekataa kumuua. Nilitamani kumwambia kijana atoe bega lake pale. Lakini bega halikataliwi kwenye jeneza.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya barabara kuu. Tulipofika ukingoni, lori la kampuni lilikuwa linakuja, na nililijua hata kabla sijasoma namba. Alikuwa yule dereva mwenzangu. Alikuwa amekula ugali wa muhogo wa mama mara zisizohesabika, na mama akimwita mwanangu.

Meneja alinyoosha mkono wake uliokuwa huru, akampungia asimame. Lori halikupunguza mwendo. Dereva alitazama mbele, shingo imekakamaa, mikono yote miwili kwenye usukani, na juu ya kioo kile kitaa chekundu cha kamera kinawaka. Alipotupita, upepo wa lori ukafunua pindo la khanga ya mama, nikalirudisha kwa mkono.

"Mbona hasimami?" meneja aliuliza, na kweli alikuwa ameshangaa. "Hajaniona?"

"Amekuona," nilimwambia. "Marehemu ni nani wake?"

Jeneza lilizama kidogo upande wake. Nikamwambia alinyanyue vizuri, mama asije akaanguka, tukavuka barabara.