Ijumaa Tuliyomtafuta Mungu Bila Biblia

Mliosoma Seme, kando ya ziwa, miaka ile ya sakafu za udongo mtaikumbuka harufu ya Ijumaa. Wasichana tulibeba maji, wavulana wakaleta mavi ya ng'ombe, tukapaka darasa zima, na mikono ikanuka hadi Jumapili. Nyumbani kulikuwa na nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa mpaka maganda yakapasuka, na omena, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaangwa aliyeliwa pamoja na kichwa chake. Tuliruka mpira uliokatwa kwenye tyubu za baiskeli, tukagombana, tukapatana kabla ya kufika nyumbani. Hakuna aliyetupeleka kwa mshauri nasaha. Mama alisema tu, "Mkimaliza kulia, vyombo viko pale."

Lakini si michezo inayonijia siku hizi nikiwa peke yangu, chai ikipoa mkononi. Ni Ijumaa moja ya darasa la saba.

Tulikuwa na mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, kijana aliyekuwa akisomea ualimu Maseno, Mwalimu Odera. Suruali yake ilikuwa na mkunjo mkali kuliko rula zetu. Siku hiyo, sakafu ikiwa bado mbichi, aliandika ubaoni: MUNGU YUPO. Akafuta mikono.

"Leo tunajadiliana hilo," alisema. "Sitaki Biblia. Sitaki 'pasta alisema'. Sitaki 'shangazi yangu aliombewa akapona'. Mtatumia akili peke yake, kama kwenye hesabu."

Aligawa darasa pande mbili. Rafiki yangu Nafula akawekwa upande wa kutetea. Mimi, Adhiambo, binti wa mzee wa kanisa, nikawekwa upande wa kupinga. Nilicheka. Niliona ni mchezo kama ule wa mpira.

Nafula na mimi tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Wazazi wake walitoka upande wa Kakamega, na baba yake aliuza mitumba sokoni Kombewa. Wiki ile mama yake alikuwa amelazwa hospitalini palepale Kombewa, tumbo limevimba, na hakuna aliyetuambia sisi watoto ni ugonjwa gani. Nilijua hayo yote. Nilipoitwa mbele ya darasa niliyasahau.

Nafula alianza vizuri. Alisema, "Ukiokota wavu ufuoni, hutasema upepo ndio ulioufuma. Utasema kuna mtu. Sasa angalia jicho la samaki, angalia majira ya mvua. Kuna aliyefuma."

Nikasimama. "Wavu tunajua hufumwa kwa sababu tumemwona mfumaji. Nani hapa amewahi kuona ziwa likitengenezwa?"

Wavulana wakagonga madawati. Nafula akasema kila kitu kina chanzo chake, mtoto ana mama, mama ana nyanya, na ukirudi nyuma lazima ufike kwa aliyeanzisha wote. Mimi nikauliza kwa sauti ya upole, ile ya kejeli ambayo wasichana wa miaka kumi na mitatu huijua sana, "Na yeye huyo, chanzo chake ni nani?"

Kengele ikalia. Mwalimu Odera alisema nimefikiri vizuri, na nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mrefu.

Njiani Nafula alinifikia. Hakuwa akilia. Alisema, "Adhiambo, kama umenishinda kweli, mama yangu nimwombee kwa nani?"

Kisha akashika njia yake, na siku sita hatukusemezana.

Kuanzia hapo sikupata utulivu. Baba alipoomba kabla ya chakula nilifungua macho kuangalia kama kuna mtu anasikiliza. Nilipochota maji nilijiuliza ziwa lilitoka wapi, na kilicholitoa kilitoka wapi, mpaka ndoo ikafurika miguuni. Nilikuwa nimelisema swali lile ili nipigiwe makofi, na sasa lilikuwa limekaa ndani yangu kama mgeni asiyetaka kuaga. Jumatatu nilimfuata Mwalimu Odera nikamwomba jibu. Akaniambia maswali ni mazuri, niendelee kuuliza. Wiki ile ile mazoezi yake yakaisha, akafunga mkoba akaenda zake.

Nikaenda kwa pasta wetu. Akasema, "Fungua Mwanzo, mlango wa kwanza." Nikamwambia hatukuruhusiwa Biblia. Akamwita baba yangu.

Wazee wa kanisa walikaa siku ya Jumatano. Mimi niliketi nje nikisikia. Waliamua kwamba sitapata kipaimara mwaka ule mpaka nisimame mbele ya kanisa nitubu. Baba alikuwa mwenzao, akiketi nao benchi moja, na bado walisema hayo mbele yake. Aliwajibu kwa sauti ya chini, "Nimesikia. Lakini kabla hajatubu, acheni nijue kwanza aliuliza nini."

Baba alikuwa mchimba visima. Shule aliiacha darasa la nne. Kesho yake hakunipeleka shuleni, alinipeleka kazini, kwenye shamba la mama mmoja mjane ambako alikuwa amefika futi nyingi chini. Nilitegemea fimbo. Badala yake aliniambia nishike kamba iliyoning'inia shimoni, iliyoungwa kwa vipande vitatu.

"Hiki kipande cha chini kinashikwa na nini, nyara?" Aliniita hivyo, binti yangu kwa Kijaluo, akiwa mpole tu.

"Na cha katikati."

"Na cha katikati?"

"Na cha juu."

"Niongeze vipande mia. Elfu. Nifanye kamba isiyo na mwisho. Mimi nitashuka salama?"

Nilifikiri. "Hapana, baba. Kamba ndefu haijishiki. Lazima ifungwe mahali."

Akalipiga kwa kiganja gogo lililolazwa juu ya kisima, ambako kamba ilifungwa. "Mimi siulizi nani alianza zamani. Nauliza nini kinashika sasa hivi, wakati niko huko chini. Kila kitu ninachokiona kimeshikwa na kingine. Ukiniuliza huyu wa mwisho anashikwa na nani, basi bado hujamfikia. Umeongeza kamba tu."

"Lakini gogo limeshikwa na ardhi."

"Ndiyo. Ndiyo maana gogo si Mungu." Akavua shati, akajifunga kamba kiunoni. "Hapo ndipo nimefika mimi. Mengine sijui. Shika sawasawa."

Akateremka. Nikaishika kamba, furaha imenijaa. Alipopanda kupumzika nilimwomba ruhusa, nikakimbia hadi Kombewa, viatu mkononi.

Nafula alikuwa kwenye ngazi za wodi, akiosha kikombe cha mama yake. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi: kamba, vipande, gogo, kwamba yupo mmoja asiyeshikwa na yeyote anayetushika sote. Nilidhani atanikumbatia. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kikombe kumwaga maji, akasema:

"Nimeelewa. Baba yako ana akili. Lakini huyo anayeshika kila kitu, anajua jina la mama?"

Kamba ya baba haikufika huko. Nikaketi kando yake kwenye ngazi, naye akaniachia nusu ya kitambaa alichokuwa amekalia.

Jumapili niliitwa mbele. Kanisa lilijaa, na baba alikuwa anaangalia mikono yake. Nilikuwa nimekaririshwa maneno ya kutubu, lakini sikuyasema. Nikasema, "Niliuliza nani alimwumba Mungu. Niliuliza kwa kiburi, na kiburi hicho nakitubu, kwa sababu nilimuumiza Nafula. Swali lenyewe baba amenisaidia. Lakini Nafula ameniuliza kama Mungu anajua jina la mama yake, na hilo sijaliweza. Kama kuna anayejua, naomba anisaidie."

Pasta aliinuka nusu, akakaa. Ndipo mama mmoja wa kiti cha nyuma, Mama Perez, aliyezika watoto wanne, akasema bila kusimama, "Hata sisi tunauliza hilo, mwanangu. Ndiyo maana tunakuja. Nenda ukae."

Nilipata kipaimara mwaka uliofuata. Mama yake Nafula alitoka hospitalini akiwa amekonda, akaishi miaka mingi. Nafula alishukuru kanisani kwa sauti kubwa. Mimi niliimba pamoja naye, lakini hata katikati ya wimbo niliwaza kuhusu kitanda kilichokuwa karibu na cha mama yake, ambacho mgonjwa wake hakurudi nyumbani, na naye pia aliombewa.

Siku hizi naishi Kisumu mjini, na mwanangu wa kidato cha tatu alipewa kazi ya shule inayofanana na ile. Aliiuliza simu. Kabla sijamaliza kukata sukuma wiki alikuwa na hoja tano za kutetea na tano za kupinga, zimepangwa, zina vichwa vidogo. Nikamwuliza, "Na wewe unaonaje?"

"Mathe, si nimemaliza?" akasema, akinionea huruma kidogo, kama mtu anayemwona mzee akiwasha jiko kwa kuni wakati gesi ipo.

Alipata alama nzuri. Alikula vizuri, akatazama mpira. Nami nilimwonea wivu ule utulivu wake, kisha nikamwogopea. Sisi hatukuwa na hoja kumi. Tulikuwa na moja na nusu, yaani kamba ya baba na swali la Nafula, tuliyoipata kwa aibu, kwa miguu, kwa kumpoteza rafiki siku sita. Mpaka leo haijaniacha nikae vizuri kitini, na sijawahi kutamani iniache.