Uji wa Njabini kwa Mtoto wa Jeddah

Ifahamike kwa kila mhusika kwamba kikao cha ukoo kilichoketi Njabini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, chini ya uenyekiti wa Hezekiah, kiliazimia kwa kauli moja kama ifuatavyo: katika ukoo huu hakuna mwanamke anayekataa kuzaa, wapo tu waliochelewa. Azimio liliandikwa kwa wino, likasomwa mara mbili, likapigiwa makofi.

Shiro, miaka thelathini na tisa, ndiye aliyesababisha makofi hayo. Hakuwa na habari. Alikuwa Jeddah, akitazama maji.

Mwaka wa nane sasa anafanya kazi za nyumbani Riyadh, kwa familia yenye watoto watano. Riyadh ina karibu kila kitu isipokuwa bahari, na Shiro, aliyelelewa Njabini, kwenye baridi ya Nyandarua, bahari aliijua kwa kalenda tu. Kwa hiyo dada ya madam alipojifungua binti huko Jeddah, na madam akatangaza, "Yalla, Jeddah!", aliyemaliza kufunga mizigo kwanza hakuwa mtoto yeyote kati ya wale watano.

Madam ni mtu mwema, ila kuna jambo moja halimwingii akilini. Kila Ramadhani humuuliza, "Shiro, mafi beibi, hakuna mtoto? Kwa nini?" Shiro hujibu, "Sitaki, madam." Madam hucheka, humwombea dua, kisha humwongezea tende, kama mtu aliyeambiwa na mgonjwa kwamba haumwi.

Siku ya pili Jeddah, Shiro alisimama dirishani na kile kichanga mikononi, uso wa mtoto umefunikwa kama madam alivyoagiza, bahari ikimetameta nyuma yao. Selipher, Mkenya mwenzake anayefanya kazi katika nyumba hiyo, akawapiga picha. Shiro akaibandika kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno matatu: "Hatimaye! Furaha tele!" Alikuwa anasema habari za bahari.

Njabini hawakuiona bahari.

Ikumbukwe kwamba kwao, binti ambaye hajaolewa akizaa msichana, mtoto hupewa jina la mama ya huyo binti, na huyo mama husemwa amezaliwa. Wangari, mama yake Shiro, hana mtoto mwingine. Wenzake wamezaliwa mara mbili, mara nne. Jirani yake mmoja amezaliwa mara saba na ameanza kulalamika. Yeye, hata mara moja. Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa umempigia simu kumpongeza, na kufikia asubuhi kikao kilikuwa kimeitishwa, wanawake waje na uji na mizigo ya kuni, kama mtoto anavyopokelewa.

Shiro aliyajua haya Jumamosi hiyo, saa nne, alipofungua simu akakuta pongezi sitini na mbili.

"Haiya! Selipher, wanasema nimezaa!"

Selipher alicheka mpaka akaegemea friji. "Wewe! Ungekuwa umezaa hapa bila bwana, saa hii ungekuwa unaongea na polisi, si na mimi. Watu wenu hawafikirii?"

"Wanafikiria uji. Na mami ameshapika."

"Basi nyamaza. Mama yako afurahi kidogo. Utawaambia pole pole."

"Pole pole mpaka lini? Mtoto aingie darasa la kwanza?"

Kwa ukoo hakuwa na hofu. Hofu yake ilikuwa uso mmoja, wa mami. Kabla hajaamua, simu ikalia, ya video. Anko Hezekiah alikuwa amejaza kioo chote, amevaa tai. Akamsomea azimio lote, mpaka tarehe, kisha akasema, "Sasa tuonyeshe Wangari mdogo."

"Anko, huyo ni mtoto wa dada ya madam."

Nyuma ya anko, upawa ulisimama hewani.

"Wa kwako je?"

"Sina. Na sitazaa, anko. Nimewaambia tangu nikiwa na miaka ishirini na tano."

"Hapana, hapana. Umechelewa tu."

"Sijachelewa! Watoto nawapenda, nimelea watano. Lakini mimi wa kwangu sitaki. Sitaki, na niko sawa, niko na raha. Hamuoni nilivyonenepa?"

Kukatokea minong'ono, mtu akasema "Maskini," simu ikapita mikono kadhaa, dari ikaonekana, kuku akaonekana, halafu uso wa Wangari.

"Mami, nisamehe kwa uji. Lakini kwa hilo lingine sitaomba msamaha."

Wangari aliwageukia waliokuwa nyuma yake.

"Wanalia ati jina langu litapotea," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka zizini. "Jina langu bado nalitumia mwenyewe. Nani amewaambia limeisha?" Akasogeza simu karibu. "Shiro, ile bluu nyuma yako kwenye picha ilikuwa nini?"

"Uliiona? Mami, hiyo ni bahari!"

"Bahari yenyewe? Nionyeshe! Haraka, kabla hawa hawajaninyang'anya simu!"

Shiro alikimbia mpaka dirishani, Selipher nyuma yake akipiga vigelegele bila kujua hasa vya nini. Akageuza simu. Wangari akapiga vigelegele kama aliyepokea mjukuu, na wanawake, waliokuwa wamekuja kushangilia kitu na hawakutaka kurudi na makofi yao, wakaitikia. Uji ukanywewa wote.

Azimio halikufutwa. Anko Hezekiah alisema lililopitishwa limepitishwa, na daftari likafungwa. Mwandiko wa humo ni mzuri sana, wa mshazari, wa shule za zamani. Ni wa dada yake, Lydia, katibu wa ukoo, mwalimu mstaafu, miaka sabini na nne, ambaye hajawahi kuzaa na hajawahi kuulizwa sababu. Yeye naye, kwa mujibu wa azimio, amechelewa.