Farasi Aliyesemwa Ana Pepo

Nilikuwa nikitunza farasi wa kupandwa na wageni ufukweni, upande wa Takaungu. Mwenye farasi alimjengea mmoja wao banda la mawe lisilo na dirisha, ati asiibiwe. Wiki haikuisha, farasi akawa anayumbisha kichwa kutwa, kushoto, kulia, na kuutafuna mlango.

"Ana pepo huyu," mwenyewe akasema, akamleta mganga amfukize ubani. Moshi ukajaa bandani. Farasi akapiga ukuta mateke mpaka mguu ukatoka damu. Nilimgeukia mwenyewe kwa hasira.

"Ami, heshima yako naijua, lakini pepo hapa hakuna. Ungefungiwa wewe humu, humwoni mwenzio, ungetulia?"

"Umeishia darasa la nane, leo daktari wa farasi?"

"Mtoe leo tu, akae na punda wangu hapo nje. Akiyumba, nifukuze kazi."

Sikungoja jibu, nikafungua mlango. Farasi akamnusa punda shingoni, akainama, akala majani. Mpaka alasiri hakuyumba hata mara moja.

Kesho yake nilimkuta mwenyewe anabomoa ukuta kwa nyundo, jasho linamtiririka. Nilimwacha abomoe peke yake. Hasira zangu zilikuwa bado hazijaisha.