Kofi Lililochelewa

Mimi siwezi kudanganya. Si kwa sababu ya wema. Nikitunga uongo narudi kuusahihisha, kisha narudi tena kuupiga pasi, mpaka ninayemwambia anashangaa mbona umenyooka hivyo. Kwa hiyo mkiona kisa hiki kina mikunjo, mjue ndivyo kilivyokuwa. Kilinitokea mimi, hapa hapa Birmingham, Desemba iliyopita, tena wala si usiku wa manane. Ilikuwa saa kumi jioni. Lakini mnaoishi huku mnaijua Desemba yetu: saa kumi jioni jua limeshafunga duka na kwenda zake.

Nianze na Mama, maana bila Mama hakuna kisa.

Mama alikuwa anatimiza miaka sitini. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja kitenge wala keki ya ghorofa. Alitaka wimbo. Alipokuwa mtoto Bukavu, Kongo, miaka ile ya sabini, baba yake alikuwa na gramafoni, na kulikuwa na wimbo mmoja wa Kiingereza uliopanda hadi namba moja huku Uingereza, halafu ukateremka hadi Kivu. Waimbaji walikuwa vijana wanne wenye suruali za kumetameta na viatu vya soli nene kama matofali. Picha yao ilikuwa kwenye jalada la santuri. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mama na baba yake waliucheza sebuleni bila kuelewa hata neno moja. Babu alikufa kabla ya vita. Santuri nayo ilipotelea vitani.

Sasa sikieni maajabu. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshapata nyumba hapa mjini, Castle Vale, ndipo Mama alipokuja kujua kwamba vijana wale walikuwa watoto wa Birmingham. Wimbo ulimfuata hadi Bukavu, naye akaja kuishi ulikozaliwa bila kujua.

Mtandaoni upo, ndiyo. Lakini uliopo ni ule alioutoa upya mwimbaji wao mmoja akiwa mzee, wenye vinanda vingi na huzuni nyingi. Nilimwekea Mama ausikie. Alisikiliza hadi mwisho kwa utulivu wa mtu aliye msibani.

"Haiko yenyewe," akasema.

Nikaitafuta santuri ya zamani kila mahali. Nikaja kuipata Northfield, kwenye duka la mitumba, chini ya boksi la sahani. Jalada lilikuwa lile lile, matofali miguuni na yote.

Hapa lazima niseme ukweli kunihusu. Hakuna aliyenifundisha mambo ya sauti. Nilijifunza mwenyewe chumbani, kwa video na kompyuta, na mtu anayejifunza peke yake hana wa kumwambia "inatosha." Nina nyimbo nilizotunga ambazo hazijasikiwa na sikio lolote isipokuwa langu, kwa sababu kila moja bado kidogo. Kwangu kila kitu ni bado kidogo. Hata ujumbe wa sauti kwa rafiki naurekodi, nausikiliza, naufuta, naurekodi upya huku moyo unadunda. Mtu kama huyo ndiye aliyeangukiwa na wimbo wa Mama.

Nikauingiza kwenye kompyuta, nikaanza kuusafisha. Mikwaruzo nikaitoa. Kisha nikafika kwenye kiitikio. Kwenye skrini makofi huonekana kama miiba iliyosimama juu ya mstari. Palikuwa na kundi la watu wakipiga makofi mawili mawili, na kila mara, nyuma kidogo ya miiba yote, palisimama mwiba mmoja mdogo peke yake. Mtu mmoja alikuwa anachelewa. Kila mara! Wimbo umefika namba moja nchi nzima, na mtu anachelewa! Mngekuwa mimi mngelala? Nikaukata ule mwiba, nikausogeza upangane na wenzake, kiitikio baada ya kiitikio, nikahifadhi juu ya ule wa mwanzo, ukafutika.

Na santuri? Nilikuwa nimeiosha kwa sabuni na kuiegemeza kwenye hita ikauke. Mama hupenda nyumba iwe na joto la Uvira, kule kwenye ziwa Tanganyika. Asubuhi niliikuta imejikunja kama chapati.

Nikamsikilizisha Mama wimbo wangu safi. Akaweka mikono mapajani.

"Iko safi, mutoto wangu. Iko safi sana."

"Lakini?"

"Hapana lakini. Iko safi."

Mguu wake haukutikisika. Mnanielewa? Mama yangu hutikisa mguu hata kwa mlio wa mashine ya kufulia. Nilijua nimeua kitu, ila sikujua ni kitu gani, na cha kurudia sikuwa nacho tena.

Siku ya sherehe ikafika. Ukumbi wa kanisa Castle Vale, saa kumi na mbili. Kabla ya hapo nikaenda Hockley kuchukua spika kwa rafiki yangu Abdi, ambaye hukodisha viti na spika kwa maharusi. Huvihifadhi kwenye jengo la matofali mekundu lililokuwa karakana zamani. Alinikuta nimeinamia kompyuta katikati ya viti.

"Yaani bado unaosha hiyo wimbo?" akacheka. "Utaitoboa, bro."

"Kuna kitu hakipo."

"Kilikuwepo, ukakiosha."

Alikuwa anavaa koti aende msikitini kuswali Magharibi. Mlangoni akageuka. Abdi amekulia Mombasa, na hawezi kumwacha mtu gizani bila kumwachia kitu cha kuwaza.

"Akija mwanamke mrembo humjui, angalia miguu kwanza. Ukiona kwato, usiningoje."

"Hockley hakuna majini."

"Majini huenda penye rent nafuu," akasema, akaondoka.

Nikaunganisha spika kubwa, nikauweka wimbo. Ulijaa jengo zima, umenyooka, hauna doa, na hauna maana. Ulipofika kwenye kiitikio, sauti ya kike ikauliza nyuma yangu:

"Mikono yangu umeiweka wapi?"

Niliruka, niaminini. Alikuwa amesimama kati ya viti, msichana wa rika langu tu, nywele zimekatwa kama kishungi cha ndege, vumbi la kumetameta mashavuni, suruali ya rangi ya fedha iliyopanuka chini, na juu ya mapambo yote hayo aproni ya kazini yenye mifuko iliyojaa vifungo vya makoti. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikafanya nilivyoagizwa. Nikaangalia miguu. Viatu vya matofali! Ndani ya viatu vile si kwato tu, hata punda mzima angejificha.

"Unatazama nini, bab?" Ndivyo wazee wa mji huu wanavyomwita kila mtu. Kiingereza chake kilikuwa cha hapa hapa, kile cha zamani, kinachoshuka mwishoni kama mtu anayeketi.

"Kwato," nikasema. Mnaona? Kudanganya siwezi.

Ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaketi, akafungua zipu ya kiatu kimoja, akanionyesha mguu wa kawaida wenye soksi iliyotoboka. Akachezesha kidole gumba kwenye tundu. "Umeridhika?"

Niliridhika, kumbe nimeangalia pasipohusika. Akanyanyua mikono mbele ya uso wangu, akapiga kofi kwa nguvu zote. Upepo wake niliusikia puani. Sauti haikutoka. Akapiga tena. Kimya, kama theluji inavyodondoka juu ya theluji.

"Unaona ulichonifanyia?" akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Akanieleza. Alikuwa fundi wa vifungo katika jengo hili hili. Vijana wale wanne walikuwa wakirekodi juu ghorofani, wakateremka kutafuta watu wa kupiga makofi. Mafundi wakapanda na aproni zao, wakapewa chai na biskuti. Mpiga ngoma alipoinama, suruali yake ya kubana ikapasuka nyuma, naye akaendelea kupiga kana kwamba hakuna lililotokea. Wote waliona, wote walijizuia. Yeye peke yake alishindwa. Alikuwa anacheka, na mikono ikawa inachelewa.

"Wimbo ukawa namba moja," akasema. "Nasimama foleni ya mkate, redio ya dukani inaimba, najisikia humo ndani. Mwanamke aliye mbele yangu anatikisa mguu kwa ajili ya mkono wangu. Ningemwambia nani, bab? Kwamba yule anayekosea ni mimi? Lakini nilikuwa nafurahi mpaka nasahau mkate."

"Santuri nyingine si zipo?"

"Zimelala darini na kwenye maboksi. Mimi huwapo pale unapochezwa. Leo duniani kote unachezwa mahali pamoja tu, kwenye sherehe ya mama yako, na umenitoa. Kuna watu huwa wananingoja."

Hofu iliniisha, sijui ilikwenda wapi. Ikaja aibu. Nikamwambia wa mwanzo nimeufuta na santuri nimeipika. Akasema, "Basi niazime yako." Mikono, alimaanisha.

Nikawasha maikrofoni. Wimbo ukaanza, nikapiga makofi kwenye kiitikio.

"Hapana. Unapiga kama mtu anayeua mbu."

Nikapiga tena.

"Bado unahesabu. Cheka."

"Siwezi kucheka kwa kuambiwa!"

"Masikini," akasema. Akapanda juu ya viti, akashika fimbo za ngoma zisizoonekana, akatoa makalio nje, akaanza kumwigiza yule kijana. Akainama. Akapasuka, sauti ya mpasuko akaitoa kwa mdomo, ndefu, yenye vituo. Kisha akakaza uso kama askofu na kuendelea kupiga ngoma, mkono mmoja umefunika nyuma.

Nilicheka mpaka machozi. Mikono yangu ikakutana wakati haikutakiwa kukutana, na hapo, nyuma ya kofi langu, likalia jingine. Dogo, kavu, kama kifungo kilichoanguka mezani. Nikamtazama. Viganja vyake vilikuwa vimeshaachana ndipo sauti yake ilipofika.

Macho yakamng'aa. Tulipiga wimbo mzima, kiitikio baada ya kiitikio, mimi nikiwa sina pumzi, yeye akirukaruka juu ya viti vya harusi. Ulipoisha, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Turudie, kuna mahali nimecheka."

"Thubutu," akanijibu.

Mlango ukafunguliwa, nikageuka. Alikuwa Abdi, na baridi nyuma yake.

"Mwenzako ako wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Nimesikia makofi ya watu wawili toka huko nje." Akaangalia viti, nami nikaviangalia: vilikuwa vitupu. Akaniangalia mimi, mashavu yamelowa. Akasema Bismillahi, akabeba spika mbili kwa mpigo, na hadi leo jengo lile haingii jioni bila kubisha hodi.

Wageni wetu walikuja kwa saa zao, mnajua saa zetu. Mama alikuwa ameketi mbele kwa kitenge cha buluu. Wakati wa wimbo ulipofika, kidole changu kikaganda juu ya kitufe. Watu wote wale! Na kicheko changu kiko ndani! Bado kidogo, nikawaza, ningeondoa tu...

"Wacha iende," akasema Abdi, akabonyeza mwenyewe.

Ukaenda. Mama alitulia. Kiitikio cha kwanza kikafika, makofi mawili ya kundi, na nyuma yake, kofi moja kavu lililochelewa.

Mguu wa Mama ukaruka.

Makofi mengine. Likachelewa tena. Mama akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Yee! Mama wa ku soko amefika!"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ni yeye! Ule wa kuchelewa! Papa alikuwa anasemaka, ule mama ametoka ku soko, mizigo iko mingi, tumungoje! Tulikuwa tunamungoja!"

Hilo ndilo alilokuwa amelikosa, na hata yeye hakujua kulitaja. Akaingia katikati ya ukumbi, akanyanyua mkono wake mmoja juu sana, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu, akaanza kucheza. Kila kiitikio aliacha makofi ya kundi yapite, akangoja, akapiga na yule wa mwisho. Shangazi zangu wakaanza kungoja naye. Kisha wanakwaya. Mwishoni ukumbi mzima ulikuwa unachelewa kwa pamoja, wazee kwa watoto, na nawaambia, katikati ya mikono yote ile nilikuwa bado naisikia miwili isiyokuwa ya mtu yeyote pale.

Baadaye nilimsimulia Mama. Alikemea kwa jina la Yesu. Kisha akauliza yule msichana alikuwa amevaa nini. Nikamwambia suruali ya fedha. Akasikitika kweli. "Ungemuita akuje kula," akasema.

Rekodi ninayo. Ukiifungua kwenye skrini utaona mwiba wangu, na nyuma yake mwingine mdogo. Sijaugusa. Na tangu siku ile, nikikaa mno na kazi, nikianza kusugua kilichokwisha safishika, husikia nyuma ya kiti changu kofi moja kavu. Nashtuka, halafu natuma kazi ilivyo. Nyimbo zangu sasa watu wanazisikia. Zina makosa, na watu wanazicheza. Hata kisa hiki nilitaka kukibadilisha pale kwenye chapati, nikalisikia, nikaacha.

Kwa hiyo ukiwa na wimbo wa mama yako, usiuoshe kabla hujajua nani anaishi ndani. Na ukipita Hockley jioni ya Desemba, ukakutana na msichana mwenye viatu vya matofali, usijisumbue na miguu. Angalia mikono. Akipiga kofi, nawe piga, lakini tafadhali, mwache amalize yeye.