Kapteni Alipoacha Kuuma

Harufu ya pilipili kavu ikikaangwa bado hunikohoza, na kila ninapoisikia namkumbuka Kapteni, mbwa wetu wa Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda. Baba alizitwanga pilipili hizo kwenye kinu, akazichanganya na ugali uliolala, na siku nyingine akaongeza nyigu aliowachoma kwenye makaa, kisha akamsukumia mbwa sahani kwa mpini wa jembe. Ndivyo babu yake alivyofanya kule Kivu ya Kusini, Kongo, alisema, na ndivyo walivyofanya majirani kadhaa, maana wezi wa mbuzi walikuwa wamezidi na uzio wetu ulikuwa wa miti ya kuungaunga. Mchana kutwa Kapteni alifungwa mnyororo ndani ya kibanda kisicho na dirisha, asione mtu wala kumzoea. Mama alipolalamika, Baba alimuuliza, "Imbwa ya kucheka na batu ni ya kazi gani?"

Mimi ndiye niliyempelekea maji baada ya ile pilipili. Nilimkuta ulimi nje, macho yakimtiririka, akanywa mpaka sufuria ikalia chini, kisha akanilamba kiganja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Shuleni watoto walicheka kwa Kinyankore na mwalimu aliuliza kwa Kiingereza, na mimi nilinyamaza kwa lugha zote. Lakini njiani kurudi nyumbani, wale wale walionicheka walinikimbilia kuniuliza kama ni kweli namshika yule mbwa masikio. Nilitikisa kichwa tu kukubali. Hilo lilinitosha.

Kisha Kapteni akamng'ata Mama Nabintu, jirani yetu, aliyekuja kuazima chekeche siku ambayo kigingi cha mnyororo kilikuwa kimelegea. Mkono wake ulivimba, akapelekwa zahanati, na jioni mwenyekiti wa kijiji akafika na vijana wenye marungu kuja kumuua mbwa. Mama, kwa kulia na kubembeleza, ndiye aliyepata muda. Mwenyekiti aliamua kwamba siku ya kufungua shule baada ya likizo, Mama Nabintu atapita uani kwetu mbele ya watu. Mbwa akimrukia, atauawa palepale. Mama Nabintu alikubali, ila alisema akifa, chekeche tusilitafute kwake.

Likizo hiyo hiyo akaja Vumilia, binti wa tantine, dada yake Baba, aliyeolewa na askari wa Uganda katika kambi ya jeshi ya Mbarara. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; kuna wenyeji wengine ambao hawakuwa wanaumwa. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, ana ndala zenye vifungo vya kung'aa, na aliongea na kila mtu kana kwamba wamekua pamoja. Baba yake alikuwa mmoja wa watunzaji wa mbwa wa doria, na yeye alikulia akiwatazama. Alichungulia kibandani, akarudi jikoni akamwambia Baba, "Anko, hii mbwa si mkali. Anaogopa tu." Akaeleza kwamba tumbo likiwaka moto na macho yakikaa gizani, kila anayekuja ni adui. Baba alicheka, lakini alimpenda mbwa wake kuliko alivyoyaamini maneno ya babu yake. Pilipili zikarudi kwenye mboga.

Vumilia alimhamishia Kapteni kivulini, kwa kamba ndefu, pahali pa kuona njia. Akakaa mbali, akampa mgongo, akaanza kumenya viazi. Hakumtazama machoni. Kila mtu alipopita barabarani na mbwa akatulia, alimrushia kipande cha kiazi; akibweka, hakumpiga wala kumkaripia, alimsogeza tu mbali zaidi na njia wakaanza upya. Siku baada ya siku kiti chake kilisogea. Mimi nilitazama nikiwa mlangoni na sufuria yangu ya maji mkononi, na asubuhi moja nilipoona Kapteni amelaza kidevu juu ya zile ndala za kung'aa, niliyamwaga yale maji mavumbini. Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Sisi tulikuwa Wakristo, basi Jumapili Kapteni akamfuata Vumilia hadi kanisani, akalala chini ya benchi lake muda wote wa mahubiri. Watu walimsifu Vumilia. Hakuna aliyeniuliza tena habari za masikio.

Niseme kweli: sikumpenda Kapteni kwa sababu alinipenda. Nilimpenda kwa sababu aliwachukia wengine.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, tantine akaugua na Vumilia akaitwa Mbarara. Kabla ya kupanda pikipiki ya kwenda Kaberebere, penye magari ya Mbarara, alinishikisha kamba, nami nikaing'ang'ania. "Wewe unavuta sana," akasema. "Ukiogopa, hata yeye anaogopa. Lakini maji yake ulikuwa unaleta wewe. Mi' nilianzia hapo." Nilikasirika kwamba hata wema alikuwa nao.

Siku yenyewe uani palijaa. Mwenyekiti alisimama na vijana wake, na Mama Nabintu akatokea na kikapu cha sombe, yale majani ya muhogo, mkono bado una kovu jekundu. Kapteni aliinuka. Manyoya ya mgongoni yakasimama, nami nikasikia ngurumo yake ikipita kwenye kamba mpaka viganjani mwangu. Nilijua kwamba nikikaza tu, atakuwa wangu tena, kwa dakika moja, kabla ya marungu. Nikalegeza kamba. Nikakaa chini mavumbini mbele ya kijiji kizima, mimi niliyeogopa hata kuitwa jina, nikampa mgongo, nikatoa kiazi mfukoni, nikaanza kukimenya. Ngurumo ikapungua. Nikasikia akikaa, kisha pumzi yake shingoni mwangu. Mama Nabintu akasimama pale, akatoa kikapuni kipande cha samaki mkavu, akakinyoosha kwa mkono ule ule. "Kamata basi, mujinga," akamwambia. Kapteni akakichukua polepole, kwa midomo tu, akamlamba vidole. Watu wakacheka kwa kufarijika, Baba akageuka kufuta macho, na mimi nikamwonea wivu hata Mama Nabintu.

Sasa nasoma sekondari Mbarara, na baadhi ya Jumapili natembea kutoka shuleni kwetu Ruharo kwenda kambini kumwona Vumilia. Baba yake humwachia siku hizi kulisha wale mbwa wa doria, nao humsikiliza kabla hajafungua mdomo. Shuleni naongea kuliko zamani, si sana. Samaki mkunje angali mbichi, watu husema, lakini Kapteni alikunjuliwa akiwa mkavu, na leo amezeeka vizuri. Hulala katikati ya njia, watoto wanamruka wakienda bombani, na hakuna mbuzi wetu aliyeibwa, maana bado hubweka inapostahili. Nikirudi likizo, huinua kichwa, ananinusa, mkia unapiga mavumbi mara mbili, kisha analala. Muuza maharage naye hupigiwa mkia mara mbili. Nami huketi kando yake, nampa mgongo, na kungoja asogee.